Mama na Visanduku vya Bwana Gitaa

Mama yangu na mume wangu hawakugombana hata siku moja, na hilo ndilo lililoninyima raha. Wanaogombana angalau wanaongea. Hawa walikaa meza moja, bakuli la sukari katikati yao, halafu Mama ananipazia sauti mimi niliye jikoni: "Mwambie mumeo chai inapoa." Na mume wangu, kikombe kiko mbele yake, anajibu kwa adabu zote akielekeza uso jikoni: "Mwambie Mama nashukuru."

Mama alihamia kwetu baada ya kupasuliwa goti. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mtambo wa redio kwa miaka thelathini na mmoja. Si mtangazaji, watu wakisikia redio huwafikiria watangazaji. Yeye alikaa kwenye kijumba chini ya mnara, peke yake na mashine inayonguruma, akihakikisha maneno ya wengine yanafika majumbani. Ya kwake mwenyewe yalikuwa machache. Nilipokuwa mdogo, nikilia hakunibembeleza. Alitafuta kitu changu kilichoharibika akakitengeneza. Nilijua napendwa kwa sababu viatu vyangu havikuwahi kuachia soli.

Mume wangu ni mpiga gitaa. Bendi yao hupiga kwenye harusi, na Jumapili alasiri kwenye bustani ya hoteli. Siku alipokuja kujitambulisha, Mama alimuuliza anafanya kazi gani. Akasema, "Napiga gitaa, Mama." Mama akangoja. Akangoja tena. Kisha akauliza, "Na kazi?" Hakuwa na nia mbaya, alidhani jibu halijaisha. Lakini neno lile lilimchoma mwenzangu, na tangu siku hiyo kila akimwona Mama ulimi ulimganda. Mama naye aligundua kosa lake akiwa amechelewa, asijue aanzie wapi kulirekebisha. Akiwa na mimi alimwita Bwana Gitaa, basi, yakaishia hapo.

Kilichowaunganisha ni pedali. Pedali ni kisanduku kidogo ambacho mpiga gitaa hukikanyaga kwa mguu ili sauti ibadilike: ikwaruze, itetemeke, au ijirudie kama mtu anayeita bondeni. Za dukani hatukuziweza, kwa hiyo mume wangu alijiundia mwenyewe kutokana na redio mbovu, akazifungia ndani ya mikebe ya biskuti. Aliziunda kwa moyo kuliko kwa ufundi. Zilivuma kama nyuki waliofungiwa kwenye chupa, na chumba cha Mama kilikuwa ukuta mmoja na sebule.

Jumanne moja nilirudi kutoka zamu ya asubuhi, maana mimi ni muuguzi wodi ya watoto, nikamkuta Mama mezani, miwani imemteleza puani, chuma cha kulehemu mkononi. Mbele yake palikuwa na mkebe wa biskuti uliofunuliwa. Mume wangu alikuwa mazoezini.

"Usimwambie," Mama akasema. "Mvumo ule unanitia ganzi ya meno."

Jioni mume wangu alichomeka gitaa. Kimya. Akapiga uzi mmoja, na sauti ikatoka safi, peke yake, bila nyuki hata mmoja. Akanigeukia.

"Umekigusa hiki?"

"Mimi? Mimi najua sindano tu."

Akafungua mkebe. Alipoona zile nyaya zilivyolazwa sambamba na kila kiungo kinang'aa, akakaa chini polepole.  Kesho yake, kabla ya kutoka, aliacha mkebe mwingine mezani, mbele ya kiti cha Mama, ameutandikia kitambaa safi.

Ndivyo walivyoanza kuongea. Baada ya wiki chache vikaratasi vikaanza kuonekana ndani ya mikebe. Cha Mama: "Waya wa ardhi umeufunga juu ya rangi. Kwangua kwanza." Cha mume wangu: "Nimekwangua. Asante, Mama. Naomba sauti itetemeke kidogo, kama mtu anayezuia kulia." Cha Mama: "Kidogo kiasi gani?" Hicho nilipokisoma nilitoka uani nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikajikuta nafuta macho kwa upande wa khanga.

Pedali ya kutetemeka iliwachukua miezi miwili. Ilipokaribia kuwa tayari, binti wa mama mdogo akawa anaolewa, na bendi ya mume wangu ndiyo iliyoalikwa. Mama aliandika: "Usikitumie bado. Kopo hili ni la plastiki. Nangoja la bati." Lakini mume wangu alikuwa amekwisha kuijaribu, na ilikuwa tamu mno. Akaificha chini ya mashati kwenye begi lake.

Ukumbi ulikuwa nje kidogo ya mji. Saa tisa alasiri bibi harusi akasimama mlangoni. Bendi ikanyamaza, likabaki gitaa peke yake. Mume wangu akakanyaga pedali, na sauti ikatetemeka vile vile alivyoiomba; shangazi yangu mmoja alikuwa ameshatoa leso. Bibi harusi akapiga hatua tatu. Mume wangu akainua vidole ili uzi upumue, na katika kile kimya, kutoka kwenye spika, sauti nzito ya mwanamume ikasema:

"...na wewe mfugaji, usisahau kumwogesha ng'ombe wako dawa ya kupe walau mara moja kwa wiki."

Bibi harusi akaganda, mguu mmoja mbele. Bwana harusi akatazama dari. Kutoka meza za nyuma mzee mmoja akaitikia, "Ushauri mzuri huo, bwana!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kiongozi wa bendi alimkazia mume wangu macho. Masikini akazima pedali, lakini bila hiyo wimbo ulikuwa mkavu kama ugoko. Akaiwasha. "Akikohoa, mwite daktari wa mifugo mapema." Akazima tena. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola.

Kando yangu, Mama akasimama. Alikijua kile kipindi cha redio kuliko mtangazaji wake. Alikuwa amekirusha hewani kila Jumamosi, saa ile ile, kwa miaka. Akachukua fimbo yake, akapita kwenye meza ya keki, akabandua karatasi ya foili iliyofunika sinia. "Naazima," akamwambia mhudumu aliyebaki kinywa wazi, akaenda moja kwa moja jukwaani. Jukwaa lilikuwa na ngazi tatu bila pa kushika. Mume wangu akaruka chini, akampa mkono. Goti halikukunjika, kwa hiyo Mama akakalishwa juu ya sanduku la ngoma, na pedali ikawekwa mapajani mwake. Mimi nilikuwa nimemfuata nyuma, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Nilikuandikia usikitumie."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia ana kwa ana tangu ahamie kwetu.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Plastiki haizuii mawimbi. Na mnara wenyewe ule pale, nyuma ya ukumbi. Shika hapa."

Akashika.

"Si hapo. Hapa, mwanangu."

Akalizungushia kopo ile karatasi, akaibana vizuri, akaiunganisha na waya wa ardhi. Vidole vyao viligongana mara mbili tatu na hakuna aliyeomba radhi. Mama akamgeukia bibi harusi. "Rudi mlangoni, mama. Ingia upya." Na bibi harusi, akicheka na machozi yakimtoka, akakusanya gauni lake akarudi mlangoni. Mara hii ng'ombe hawakuzungumziwa.

Tangu siku hiyo Mama akawa anakwenda nao kila wanakopiga. Alikaa kwenye stuli nyuma ya spika, mfuko wa bisibisi na nyaya miguuni, na wanabendi wote wakamwita Fundi Mama. Nyumbani waliongea mpaka mimi nikawa mgeni mezani. Nikiuliza nani anataka chai, hakuna aliyenisikia.

Yakapita kama mwaka na nusu. Kisha kiongozi wa bendi akaanza kulalamika. "Gitaa lako siku hizi linakata kama wembe," alimwambia mume wangu. Naye akajibu, "Ndivyo ninavyopenda." Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimemwona yeye mwenyewe, wakati Mama anatazama pembeni, akinyoosha mkono kwenye amplifaya na kupunguza ile sauti kali. Wakimaliza kupiga, aliirudisha ilipokuwa.

Nilimuuliza tukiwa wawili tu. 

"Mama hazisikii tena sauti za juu," akasema. "Kila pedali anayofunga anaongeza ukali mpaka umfikie."

Mimi ni muuguzi. Mimi ni mwanawe. Sikuwa nimeona chochote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Masikio yake ndiyo kazi yake."

Hatukujua tufanye nini, kwa hiyo hatukufanya kitu. Mwisho Mama alijionea mwenyewe. Jumapili moja, kule bustanini hotelini, aliinuka kwenda kunywa maji, akarudi kwa upande mwingine, akaukuta mkono wa mkwewe kwenye amplifaya.  Alingoja mapumziko, akaja kwenye meza tuliyokaa, akaegesha fimbo.

"Unapunguza nini?"

Mume wangu aliniangalia, kisha akapiga moyo konde. "Sauti kali, Mama. Inachoma kidogo."

"Ya pedali ya leo tu?"

"Za mwaka huu zote."

Mama aliitazama mikono yake juu ya meza. Watoto wa wageni walikuwa wanakimbizana kwenye nyasi.

"Ndege," akasema mwishowe. "Wale wa pale uani. Nilidhani wamehama."

Mume wangu akasogeza kiti chake hadi magoti yao yakakaribia kugusana. "Wapo, Mama. Kila alfajiri wanapiga kelele mpaka nawatukana."

Mama akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshuka. Nikataka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshamshika mkono mwenzake.

"Basi utanisikilizia," akasema. "Mimi nitafunga, wewe utasikia. Ukisema inatosha, inatosha. Ila usinidanganye tena kwa ajili ya heshima. Heshima ya namna hiyo sina pa kuiweka."

"Sitakudanganya, Mama."

"Na hii ya leo ikoje?"

"Inachoma kama pilipili kwenye jicho."

"Ilete."

Ikaletwa. Akaifungua pale pale, kati ya chupa za soda, huku mkwewe akipigapiga uzi mmoja taratibu na kumwongoza: bado, bado, punguza, rudi kidogo, hapo. Mama aliweka kiganja juu ya mbao za gitaa, akakiacha hapo. Kiongozi wa bendi alikuja kuwaambia muda umekwisha, akawatazama, akarudi zake akawaambia wenzake waanze bila gitaa.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa masikio hospitalini kwetu. Akapewa kifaa kidogo cha kusikilizia, cha kuvaa nyuma ya sikio, na onyo kali kwamba kisiguswe. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakikuta mezani juu ya kitambaa cheupe, kimefunguliwa vipande vipande, na vichwa viwili vimekiinamia.

"Tunatazama tu," akasema mume wangu.

"Tunatazama tu," akasema Mama, na akaomba apewe bisibisi ndogo zaidi.