Korido ya Mita Thelathini

Utepe mwekundu ulibandikwa sakafuni kila baada ya mita tatu, kuanzia mlango wa chumba cha utafiti mpaka kwenye dirisha la mwisho wa korido. Yeye ndiye aliyeubandika, akiwa amepiga magoti, siku ile daktari wa utafiti alipokuja na kamba ya kupimia. Tangu hapo aliupitishia tambara kila asubuhi, akajua ni wapi umebanduka pembe na ni wapi unashika uchafu. Leo alisimama juu ya utepe wa kwanza bila ndoo, bila fagio, glavu kazivua, na mikono hakujua aiweke wapi.

Nesi alimsomea karatasi. Atembee huku na huko kwa dakika sita. Asikimbie. Akichoka apunguze mwendo, akishindwa asimame aegemee ukuta, na wala si kosa. Nesi aliyasoma hayo kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara mia, maana kila mgonjwa lazima asomewe maneno yaleyale, lisipungue hata moja wala lisizidi.

"Umeelewa, dada?"

"Nimeelewa."

Na kweli alikuwa ameelewa. Shida yake haikuwa karatasini. Shida yake ilikuwa imesimama kule dirishani, mikono nyuma, filimbi shingoni.

Huyo alikuwa msimamizi wa usafi. Mbele yake walimwita bosi. Akigeuka mgongo walimwita Filimbi. Saa tatu kila asubuhi alipita kukagua, na akiona doa hasemi neno, anapuliza tu, na wewe popote ulipo utajijua. Hakuwa mtu wa matusi. Mwaka jana mfanya usafi mmoja aliishiwa pumzi kwenye ngazi, ndoo ikamponyoka, maji yakateremka mpaka mapokezi. Filimbi alimpa kiti, akampa pole, akamtuma mtu amletee maji ya kunywa. Kesho yake asubuhi glavu za yule mwanamke zilikuwa zimekabidhiwa mwingine. Mwingine huyo ndiye huyu aliyesimama sasa juu ya utepe, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Deki. Ndani ya glavu ya kushoto bado kulikuwa na jina la yule wa kwanza kwa kalamu ya wino, na halikutoka hata kwa dawa ya kung'arishia.

Basi alipoandikishwa kwenye utafiti wa wagonjwa wa moyo, akatakiwa kuomba ruhusa ya kuja kupimwa, alimdanganya Filimbi. Alimwambia kwamba utafiti unataka na watu wachache wazima wa afya wa kulinganishwa na wagonjwa, naye kachaguliwa kwa uzima wake. Filimbi alifurahi. Alitia sahihi karatasi ya ruhusa palepale, akasema siku ikifika atakuja mwenyewe kumtazama. Mdomo uliponza kichwa. Huyo hapo, kaja.

"Haya, tumwone mzima wetu," Filimbi alisema.

Nesi akabonyeza saa.

Mkondo wa kwanza haukuwa na neno. Wa tatu pia. Kwenye wa sita kifua kilianza kumbana, si maumivu, bali kama mtu kakaa juu yake na hana haraka ya kuondoka. Alitazama ukuta. Ulikuwa karibu, umepakwa rangi ya maziwa, na aliujua kwa kiganja chake mwenyewe, kila mahali wagonjwa walipoegemea wakaacha alama ya jasho naye akaifuta. Angenyoosha mkono tu. Kwenye kila mgeuko wa upande wa pili Filimbi alikuwa akimkodolea macho, akitabasamu, na kwa kila mgeuko Mama Deki naye alitabasamu. Mgeuko wa nane. Wa kumi. Moyo ulikuwa ukigonga kama mtu aliyefungiwa stoo. Alifunga mdomo, akapumua kwa pua, maana mtu mzima hatweti.

"Kumbe una miguu ya farasi," Filimbi alimwambia alipompita mara ya mwisho. "Na mimi nilitaka kukupa ghorofa moja tu ya kusafisha."

Nesi akaandika: mita mia nne thelathini na moja. Hakusimama. Hakulalamika.

Mama Deki alitembea mpaka chumba cha mafagio, akafunga mlango, akainama juu ya sinki la kukamulia matambara. Alikaa hapo mpaka vidole vikarudi rangi yake. Kisha akavaa glavu.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, binti yake wa shule, na mama yake mzazi ambaye macho yalishamwacha lakini ulimi haujamwacha. Mama mtu kutwa nzima alikaa mlangoni akitunga vitendawili, na jioni mwanawe akirudi, hata kiti hajavuta, anategwa.

"Kitendawili."

"Tega, mama."

"Nina mtumishi tangu nizaliwe. Hajalala usiku mmoja, hajaomba likizo. Siku akipumzika, nyumba nzima inalia."

Mama Deki alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama. Binti yake aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, akamtazama, na alikuwa na macho yanayoona.

"Nimeshindwa, mama."

"Umeshindwa? Nipe mji."

Akampa mji wa mbali ambao hajawahi kuukanyaga. Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema nimekwenda mji huo, nimekula wali nikashiba, nimelala kitanda cha shaba, watu wake wameniuliza yule mwanao mbona mzito, hata cha kitoto hiki hakijui? Ni moyo, mwanangu. Moyo.

"Eee," Mama Deki alijibu, akaendelea kumenya.

Baada ya wiki mbili daktari wa utafiti alimwita. Alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani yake kila anapotaka kusema jambo asilolipenda. Alimwonyesha picha ya moyo wake, nyeusi na kijivu, ikicheza kwenye kioo cha kompyuta. Alimweleza kwamba kilango kimoja cha ndani kimekakamaa, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua, haufunguki wote wala haufungiki sawasawa. Pengine ni homa ya koo ya utotoni iliyoachwa ikajipoza yenyewe. Dawa zitapunguza maji, hazitafungua mlango. Kinachofungua ni upasuaji. Na mwezi huohuo madaktari wa upasuaji wangekuja kutoka nje, na nafasi zilikuwa nane.

Hapo akaivua miwani.

Alisema nafasi hizo zinagawiwa kwa alama, na alama hazitokani na picha peke yake. Kuna picha, kuna waya za kifuani, na kuna mwendo. Utafiti wenyewe ndio unatafuta hilo, ni kipimo gani kinaonyesha vizuri zaidi nani kaumwa zaidi. Aliyetembea chini ya mita mia tatu anaingia kwenye orodha. Aliyezidisha, moyo wake unahesabiwa kwamba bado unamudu.

"Mama, picha inasema jambo moja, miguu yako inasema jingine. Sijawahi kuona."

Mama Deki akamwambia ukweli wote: Filimbi, dirisha, zile glavu. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama mlango. Akaomba apimwe tena, siku ya mapumziko, korido ikiwa tupu.

Daktari alisikiliza hadi mwisho. Aliamini, na hilo lilionekana usoni mwake. Lakini alieleza kwamba mwendo unapimwa mara moja, na mara ya pili ni baada ya miezi sita. Namba ikishaingia haitoki. Zamani ilikuwa inatoka. Wenye ndugu maofisini walikuwa wakipimwa mara tatu mara nne mpaka wapungue, ndipo ikawekwa sheria. Sasa njia ya kufuta mwendo ni moja. Anajaza fomu ya kueleza kilichotokea, na kila aliyekuwepo kwenye korido atie sahihi kwamba ni kweli.

"Nesi atatia, namjua." Akaivaa miwani, akaivua tena. "Anabaki msimamizi wako. Sahihi yake tu, mama."

"Nimpelekee mimi?"

"Au nimpelekee mimi."

"Usimpelekee," alisema haraka. "Nakuomba, mwanangu. Nitampelekea mwenyewe."

Fomu aliikunja mara nne, akaitia ndani ya glavu ya kushoto, juu ya lile jina. Ilikaa humo siku kumi na mbili. Siku ya tisa alimkuta Filimbi peke yake akihesabu vipande vya sabuni, amechangamka, na akaona leo ndiyo leo. Alivua glavu. Kabla hajafungua mdomo, Filimbi akaanza kumlalamikia habari za mfanya usafi wa ghorofa ya chini, anakohoa kutwa, anatisha wagonjwa.

"Nimemwambia, dada yangu, hapa sisi hatujalazwa. Ukitaka kuumwa, kitanda kipo, lakini fagio uache." Kisha akamtazama mkononi. "Wewe unasemaje? Kuna shida?"

"Nilikuwa nataka sabuni, bosi."

Akampa vipande viwili. Kwa mtu mwenye miguu ya farasi, alisema, hata vitatu si tatizo, akaongeza cha tatu.

Siku ya wageni, wale madaktari wa upasuaji kutoka nje, ilipofika, korido ilitakiwa ing'ae. Mama Deki alianza alfajiri. Ikabidi apumzike kila baada ya utepe mmoja, akijifanya anakamua tambara ambalo lilishakauka. Kwenye ukuta, mlangoni pa chumba cha utafiti, walikuwa wametundika ubao mkubwa wenye kioo: mchoro wa nukta, kila nukta mgonjwa mmoja, na namba yake pembeni. Aliufuta kioo hicho kwa karatasi laini. Nukta nyingi zilikuwa zimekusanyika chini, kulia, kama siafu kwenye chembe ya sukari. Moja ilikuwa juu, peke yake. Arobaini na moja. Namba hiyo aliijua. Ilikuwa kwenye kadi yake.

Wageni wakaja, watano, kwa viatu vizito. Daktari wa utafiti akawasimamisha mbele ya ubao. Mama Deki alijibanza ukutani na fagio lake la maji kama sheria inavyosema, hatua mbili kutoka kwao. Kule dirishani Filimbi alisimama, shati kalipiga pasi, filimbi inang'aa.

Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye nywele za mvi, aliweka kidole kwenye kioo kilichofutwa sasa hivi.

"Huyu wa huku juu? Kilango kibovu kuliko wote, na katembea kuliko wote. Ni nani huyu?"

Daktari alivua miwani.

"Majina ni siri ya mgonjwa," alisema. "Hatuyatoi. Labda mwenyewe aseme."

Hakumtazama. Alitazama miwani yake tu, akaifuta, akaifuta, na ilikuwa haina hata vumbi.

"Ningependa kumwona," yule mgeni alisema. "Kesho tunafunga orodha."

Mama Deki alifungua mdomo. Pumzi iliingia kwa sauti, nyembamba, kama mlango usiopakwa mafuta. Yule mgeni aligeuza kichwa. Na kule mwisho wa korido, mita thelathini kamili, Filimbi naye aligeuza kichwa.

Ndani ya glavu ya kushoto ile fomu ilikuwa imelowa, imemganda kiganjani. Alimfikiria binti yake na daftari lake. Alimfikiria mama yake mlangoni, anayetega huku akijua majibu yote. Akafunga mdomo, akapumua kwa pua.

Akatabasamu.

Yule mgeni naye akatabasamu, kwa adabu, akaipisha ndoo. "Basi tutamwita namba arobaini na moja," alisema, na wenzake wakacheka kidogo, wakaendelea na safari yao kuelekea wodini, viatu vyao vikiacha alama nyeusi kwenye sakafu mbichi, kutoka utepe wa kwanza hadi wa mwisho.

Filimbi alisubiri wapite. Kisha akapuliza, mara moja, kwa upole.

Mama Deki akachovya tambara, akalikamua, akaanza upya. Mita tatu. Sita. Kwenye mita ya tisa alisimama akakamua tambara lililokwishakamuliwa. Mkono mmoja ulinyooka wenyewe ukaugusa ukuta. Aliuona pale ulipo, juu ya ile rangi ya maziwa, akausogeza taratibu kulia, akausogeza kushoto, kama mtu anayefuta doa.

"Hapo pamesafika," Filimbi alisema kutoka dirishani. "Njoo huku."