Beji ya Nyange

Salima alipoipokea ile beji kutoka mkononi mwa mgeni wake, tayari alikuwa ameamua kwamba ni ya bandia. Tangu boti liitwalo Zawadi lizame katika Ziwa Kivu, beji za mabaharia wake zilikuwa zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, na mafundi wa mjini walikuwa wanamimina za kuigiza: nyange wa shaba aliyeinua mguu mmoja, juu ya rangi ya buluu. Kazi ya Salima hapo Nyawera, mjini Bukavu, ilikuwa kupiga picha beji za zamani na kusema ipi ni ya kweli. Za nyange alikuwa amekataa nyingi, na kila moja ilimuumiza, kwa sababu nahodha wa Zawadi alikuwa kaka yake Amuri, na maiti yake haikuonekana.

"Umeitoa wapi, maman?"

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, pindo la kitenge chake limelowa maji. Alisema anaitwa Lucie, analima mananasi kisiwani Idjwi.

"Ni ya bwana yangu. Iko mugonjwa, hajui kama nimeileta. Nilisikia kama batu ya Ulaya banazinunua."

"Tuangalie kwanza."

Aliilaza juu ya kitambaa cheusi, akawasha taa zake mbili za betri, akaishusha kamera hadi karibu kabisa. Akapiga picha ya mbele, kisha ya ukingo. Beji za kumimina huwa na mstari mwembamba ukingoni, pale nusu mbili za kalibu zinapokutana, na vitundu vidogo vidogo usoni. Hii haikuwa na mstari wala kitundu. Manyoya ya nyange yalikuwa makali, na ile buluu ilikuwa ya kioo, si rangi ya kopo.

"Hii iko ya kweli," alisema, naye mwenyewe akashangaa kuyasikia maneno hayo.

Akaigeuza ili apige picha ya nyuma. Pini haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa kipande cha waya wa redio kilichokunjwa kwa koleo na kutiwa lehemu, na lehemu ilikuwa imemwagika kidogo upande wa kushoto. Salima aliijua. Baba yao, mzee Abdulmajid, aliitengeneza pini hiyo mezani kwao, Salima akiwa amemshikia taa, huku Amuri amesimama pembeni na kofia mkononi akisema abiria wanamngoja. Ilikuwa asubuhi ile ile ya safari ya mwisho.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mtu ameivua kwenye maiti. Lakini macho yake yalikuwa yamezoea kazi, yakaendelea kutazama kwenye kioo cha kamera. Shaba iliyokaa ziwani hushika kutu ya kijani katika mikunjo. Hapa hapakuwa na kijani popote. Mdomo wa nyange ulikuwa laini, umelika kwa kufutwa na kitambaa mara nyingi, miaka mingi. Beji hii ilitoka majini siku ile ile ilipoingia, na aliyetoka nayo hakuacha kuitunza.

"Maman Lucie, bwana yako anaitwa nani?"

"Thierry."

"Uko na picha yake?"

Lucie aliogopa. "Kwani aliiba?"

"Hapana. Nionyeshe tu."

Lucie alitoa simu yenye kioo kilichopasuka. Katika picha, mwanamume mwenye ndevu za mvi alikuwa amekaa mbele ya ukuta wa udongo, anamenya muhogo. Alikuwa amekonda. Sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja kwa juu, kama la mzee Abdulmajid. Walikuwa wamemsalia Amuri bila maiti. Mama yao, Asumini, aliwagawia majirani nguo zake.

"Huyu ni yaya yangu, kaka yangu mukubwa," Salima alisema. "Jina lake ni Amuri. Sisi tulimulilia kama amekufa."

Lucie aliitazama simu kana kwamba picha ilikuwa imebadilika mle ndani.

"Nimezaa naye batoto," alisema polepole. "Aliniambia batu yake bote balikufa."

Kesho yake walivuka pamoja hadi Idjwi. Salima hakuwa amepanda boti tangu ajali ile, na njia nzima hakuyatazama maji. Amuri alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Alipomwona dada yake alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Salima."

"Mama iko hai," Salima alimwambia, maana aliona hatathubutu kuuliza. "Kila mwaka anakusomea khitma."

Amuri alijifunika uso kwa mikono. Baadaye akasimulia ya siku ile. Alikubali kupakia watu kuliko kipimo. Upepo ulipowapindua aliogelea, nyuma yake watu wanaita, na hakugeuka. Alipofika kisiwani alisikia redioni kwamba nahodha amekufa akiwaokoa abiria.

"Nikaona vizuri ibakie vile."

"Vizuri kwa nani?"

Salima alitaka kumpiga. Akajikuta anamshika miguu, ambayo ilikuwa inawaka homa, huku Lucie amesimama mlangoni.

Alipopata nafuu walimpeleka Bukavu. Mama Asumini alimgusa sikio, akamgusa bega, kisha akakaa chini sakafuni. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulishafika kwa bale bengine, benye batu yabo balizama?"

"Bado, mama."

"Basi usikae hapa."

Salima alimsindikiza hadi mtaa wa Bagira, kwa papa Firmin, mzee ambaye mke na binti yake walizama na Zawadi. Firmin alifungua mlango mwenyewe. Alimtazama Amuri, mkono wake ukiwa bado kwenye kitasa.

"Wewe," alisema. "Tulikulilia pamoja na batu betu."

Amuri alipiga magoti pale pale. Firmin hakumwinua. Aliingia ndani, wakamsikia anasogeza vitu, kisha akatoka na viti na kuvipanga nje ukutani, kwa sababu nyumbani mwake hakutaka aingie.

"Kaa," alisema. "Utuambie yote, anza asubuhi ile mulipotoka."