Fimbo ya Mbaruku Haiguswi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeketi barazani kwa wavuvi, klabuni kwa mume wangu, na kiti nilichokikalia kikaniuliza nimeletwa na nani.

Sikushtuka, kwa kuwa hata nikiwa macho huulizwa hivyo hivyo. Klabu ile iko ukingoni mwa maji hapa Tanga, nayo ni ya wazee wenye nafasi zao. Kila Jumamosi huenda baharini, wakavua samaki, wakampima, wakapiga naye picha, kisha wakarudi makwao kula maharage. Mume wangu Mbaruku alijiunga alipostaafu benki. Yeye ni mwanachama, mimi ni mgeni. Mke wa mwanachama ni mgeni hata akizeekea pale, na mgeni hana budi kutambulishwa na mwenyeji wake. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini msemo huo haujafika kule.

Nikakiambia kiti nimeletwa na Mbaruku. Kikasema, "Yule mwenye nyonga mbovu," kikajiweka sawa kunipokea. Meza nayo ikataka nitambulishwe kwake, na sahani ya sambusa, na hatimaye feni. Feni ina maringo. Inasema haimpepei mgeni mpaka mwanachama afike mwenyewe, inazimika, inanitazama nikitoka jasho.

Nauliza Mbaruku yuko wapi.

"Anapigana," inajibu feni.

Hapo nikainuka, maana nilijua anapigana na nani. Siku hizi nyumbani kwetu hakuna mazungumzo mengine. Jumamosi iliyopita Mbaruku alimpata sulisuli, samaki yule mwenye mdomo mrefu kama upanga, mkubwa kuliko wote wa msimu huu. Kwa samaki huyo jina lake litaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa ukumbini, jambo alilolililia kuliko alivyowahi kunililia mimi. Sharti ni kwamba mvuvi apigane na samaki peke yake. Mtu mwingine akiigusa fimbo ya kuvulia, hata kwa kidole, samaki si halali. Mbaruku hulitamka neno hilo kama shekhe aliyeulizwa juu ya nyama ya mzoga.

Akatokea Bwana Pereira, katibu wa klabu, mtu mpole anayezijua kanuni zote kwa moyo. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni yeye. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni mizani. Anatembea kwa kuyumba, na kila hatua mshale wake unaonyesha uzito mwingine. Akaniamkia vizuri, akaniuliza hali ya watoto, akanifungulia mlango.

Mlango ni wa jiko langu mwenyewe. Bahari imeingia humo na masufuria yanaelea. Mbaruku amefungwa mikanda kwenye kiti cha kuvulia katikati ya jiko, fimbo imepinda mikononi mwake, mshipi umetokea dirishani umekwenda mbali. Kila samaki akivuta, kiti kinateleza kuelekea dirishani na maji yanapanda. Wanachama wamejipanga nyuma ya kamba, wanakunywa tangawizi.

"Mama Zaina," ananiambia Mbaruku bila kugeuka, "usiguse."

Namwambia sikuja kugusa, nimekuja kumwita chakula kiko tayari. Anasema nikifunike.

Maji yakamfika kiunoni. Nikamwomba Bwana Pereira niruhusiwe walau kumshika mume wangu miguu. Kamati ikakutana papo hapo juu ya friji, wakajadiliana kwa heshima kubwa. Kanuni inataja fimbo, mshipi na gurudumu la kuukunjia. Juu ya miguu haikusema kitu. Mmoja akaeleza kwamba miguu inagusa kiti, na kiti kinashika fimbo, kwa hiyo miguu nayo ni fimbo. Wakapiga kura. Mimi mgeni sina kura. Feni ilikuwa nayo, ikapiga ya kukataa.

Nikaigeukia fimbo yenyewe. Kumbe ina sauti ya shangazi mtu mzima.

"Naumia, mwanangu," ikasema, "lakini nimelelewa hivyo."

Sulisuli akatoa kichwa dirishani, macho mekundu kwa uchovu. Akaniita shemeji. Akasema yeye hana ugomvi na mtu, ana kwake na ana watoto, na laiti mzee angeachia, kila mmoja leo angelala kwake. Nikaona ana busara kuliko kamati nzima.

Maji yako kifuani. Namwambia Mbaruku aachie.

"Nikiachia hawataliandika jina langu."

"Na ukizama?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

"Wataliandika," akasema.

"Basi nani atanileta kulisoma?"

Wanachama wakaacha kunywa. Bwana Pereira akaitafuta kanuni kichwani mwake, nikaona anaikosa: mgeni haingii bila mwenyeji, na mjane hana mwenyeji. Maji yakafika shingoni, yakaanza kuzilowesha ndevu nyeupe ambazo mimi ndiye huzipunguza kila Ijumaa. Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, kisha hofu ikayafuta yote mawili. Nampenda mzee yule, na ubao ule sijawahi kuupenda hata siku moja.

Nikaishika fimbo kwa mikono miwili.

Fimbo ikasema, "Astaghfirullah," ikanyooka. Mshipi ukapita kiganjani ukinichoma, ukakatika. Sulisuli akanishukuru, akaenda zake. Maji yakaanza kutoka kwa tundu la sinki, na wanachama wakaondoka mmoja mmoja wakiinua suruali zao zisilowe. Bwana Pereira akaishusha bendera ndogo ya ushindi iliyokuwa imetungikwa juu ya jiko la mkaa, akaikunja mara nne kwa uangalifu.

"Si halali," akasema, na mshale wake ukarudi kwenye sifuri.

Mbaruku amekaa amelowa chapachapa, ananitazama kama mtu aliyechomewa nyumba. Nataka kumweleza. Nafungua mdomo, unajaa maji ya chumvi.

Nikazinduka. Jua lilikuwa limeshapanda na kitanda kilikuwa kikavu. Mikono yangu ilikuwa imefungwa vitambaa, maana jana niliipaka hina kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu, nikalala nayo. Mbaruku alikuwa barazani amevaa shati la klabu, kwani leo ndiyo siku ya kuandikwa jina. Nikasikia simu yake inalia, nikamsikia akiitika, "Naam, Bwana Pereira."

Akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akanieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba samaki wake amefutwa. Asubuhi walifungua kabati la fimbo, lenye kufuli, wakaikuta yake ina alama za viganja kwenye mpini. Alama za hina, tena mbichi.

Akauchukua mkono wangu wa kulia, akaanza kukifungua kitambaa polepole. Katikati ya kiganja hina ilikuwa imefutika, na mstari mmoja mwembamba, mwekundu, umekatiza pale mshipi ulipopita. Akautazama sana. Nikajiandaa kwa maneno yake, na nilikuwa radhi kuyapokea yote.

"Ulichelewa, Mama Zaina," akasema. "Maji yalikuwa yameshanifika puani."