Vidole vya Sjoerd

Kiti cha upande wa pili wa meza kilikuwa kitupu, na Wietske alikuwa bado hajabonyeza kitufe cha kuanza. Kila baada ya miaka mitano watafiti wa chuo kikuu humtumia jaribio lile lile kwenye kompyuta: mtu aliyerekodiwa hutaja tarakimu tatu katikati ya mvumo, naye huandika alizosikia. Wanataka kujua usikivu ukififia, maisha ya mtu mzima huelekea wapi.

Mara ya kwanza alimaliza kwa shida. Mara ya pili mumewe, Sjoerd, alimwona anajing'ata mdomo, akavuta kiti na kuanza kumwonyesha tarakimu kwa vidole.

"Huu si udanganyifu?"

"Tunamdanganya nani, bibie? Andika, nane hiyo."

Wakacheka kama watoto waliodokoa sukari. Tangu hapo Sjoerd akawa masikio yake, dukani, kanisani, hata kwa daktari. Kifaa cha kusikilizia Wietske hakukitaka katakata. Vile ni vya wazee, alisema, ilhali nywele zake zilikwisha kuwa nyeupe.

Jana ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, ya kwanza bila Sjoerd. Viti vilipangwa duara sebuleni kama ada ya kwao. Kila aliyeingia alizunguka akiwapa wote, si yeye tu, mkono wa pongezi, kahawa ikapita, na kipande kimoja kimoja cha keki. Kisha mazungumzo yakaanza kuruka kutoka kiti hadi kiti, naye akiyafuata kwa macho na kuchelewa kila mara. Walipocheka, alicheka. Wageni walipoondoka, binti yake Jeltje alimshika mabega, akasema usoni pake:

"Mama, mbona hukusema kitu? Nimewatangazia watu wote kwamba tunahamia Kanada, wewe unatabasamu tu."

"Nimewafurahia, mwanangu."

Tangazo hilo hakuwa amelisikia hata neno moja. Usiku kucha aliona aibu, na chini ya aibu, hofu.

Sasa akabonyeza. Mvumo ukajaa jikoni kama bomba lililoachwa wazi, na ndani yake mtu akasema kitu, kwa mbali. Kwa mazoea Wietske aliinua macho. Kisha akaandika tarakimu zozote, hadi mwisho.

Kioo cha kompyuta kikamwandikia: usikivu wako umeshuka ghafla tangu mara iliyopita. Je, kuna jambo lililokupata?

Alitaka kuungama yote, vidole na vicheko. Hakuona pa kuanzia. Akaandika: Mume wangu amefariki. Akatuma, akabaki akikitazama kiti.