Ridhaa ya Watu Mia Tatu na Kumi na Wawili

Mawakili wenzake walimbandika jina la Mama Isipokuwa, na hawakumwonea. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwashauri waajiri juu ya mafao ya wafanyakazi na marupurupu ya wakubwa, na hakuna fao aliloliandika bila kulifungia mkia. Mfanyakazi atatibiwa, isipokuwa. Mjane atalipwa, isipokuwa. Yeye mwenyewe alijicheka kabla hajachekwa. "Mimi ni fundi cherehani," aliwaambia watu kwenye sherehe. "Wengine wanashona mfuko, mimi nashona tundu la mfuko."

Asubuhi moja alitembelewa na wateja wawili: mkurugenzi wa kiwanda cha magodoro na afisa utumishi wake. Mkurugenzi alimwita wakili shemeji kwa sababu mkewe aliwahi kukaa naye dawati moja shule ya msingi. Undugu wa dawati, lakini yeye aliutumia kama wa damu, hasa siku ya kuomba punguzo. Afisa utumishi, mwanamume mwembamba aliyefunga shati hadi kifungo cha kooni, hakumwita mtu kitu chochote. Alikuwa amekumbatia faili kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Shemeji, nina mambo mawili, yote mepesi," mkurugenzi alisema, akijivutia kiti. "La kwanza, kustaafu kwangu. La pili, bima ya matibabu ya hawa wanangu wa kiwandani. Bodi inakaa saa nane mchana. Nipe barua kwamba yote mawili ni halali. Ukurasa mmoja tu, na usinipige na isipokuwa zako."

"Isipokuwa ikibidi," wakili alisema, wakacheka, yeye na mkurugenzi.

La kwanza lilikwenda kama maji mteremkoni. Mkurugenzi angebaki na gari na dereva mpaka aingie kaburini, na mlinzi, na mtunza bustani. Angetibiwa nje ya nchi maisha yake yote, yeye na mkewe, pamoja na meno, "kwa afya au kwa mwonekano." Wakili alikuwa ameona makubwa zaidi; mwaka juzi alimwandikia mkubwa mmoja fao la kutunziwa farasi. Akaweka alama ya tiki, akaendelea.

La pili lilikuwa fupi. Kuanzia tarehe mosi, bima ya wafanyakazi isingegharamia tena magonjwa ya kudumu.

"Ni watu kumi na mmoja tu," mkurugenzi alisema. "Kumi na mmoja, shemeji, wanakula bima ya watu mia tatu! Kuna mmoja anasafishwa figo kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mara mbili! Mimi gari langu lenyewe silioshi mara mbili kwa wiki."

Alicheka mpaka machozi. Wakili alihisi kitu kikimpanda kooni, kama mtu aliyekunywa nusu kikombe ndipo akaona nzi. Akakimeza. Kinyaa cha asubuhi humezwa. Ndicho kinacholipa kodi ya ofisi.

"Akiondolewa kwenye bima, huyo wa figo atasafishwa na nani?"

"Ana ndugu."

"Na hela itakayookolewa?"

"Inakaribiana sana na ya kustaafu kwangu," mkurugenzi alisema kwa unyenyekevu. "Mungu ni mwema."

"Sikiliza, shemeji. Fao linaweza kupunguzwa, lakini wafanyakazi wenyewe waelezwe, waridhie, watie sahihi. Bila hivyo barua haitoki."

"Wameridhia! Mia tatu na kumi na wawili, hata mmoja hakubaki. Mwonyeshe."

Afisa utumishi alilitoa faili polepole. Mkurugenzi akampokonya, akalamba kidole, akafunua. Juu palikuwa na ukurasa wa maelezo ya mabadiliko, umechapwa vizuri. Chini yake, kurasa kumi na moja za majina na sahihi. Alilamba na kufunua, akalamba na kufunua, na kila ukurasa ulipata haki yake ya mate pembeni. "Ona. Ona. Ona mwenyewe."

Wakili alizivuta zile karatasi kwa ncha za vidole, akitafuta pembe kavu. Ukurasa wa maelezo ulimsimamisha kwanza. Maneno aliyajua. Yalikuwa yake, aliyatunga miaka minne nyuma kwa mteja mwingine, na mtu alikuwa ameyanakili hadi nukta. Alipita haraka, kama anayepita mbele ya kioo akiwa hajaoga. Kurasa za majina zilikuwa nakala za mashine, na juu ya kila moja palikuwa na kivuli chembamba, mahali ambapo kitu kilikuwa kimefunikwa.

"Safu hii ya katikati, yenye namba. Ni namba za nini?"

"Umri," mkurugenzi alisema.

"Kiwanda kizima hakina kijana wa miaka thelathini?"

"Nimeajiri watu wazima. Wenye uzoefu."

"Wala aliyevuka arobaini na sita. Na huyu wa mapokezi ana miaka thelathini na saba na nusu."

Mkurugenzi alifikiri. "Labda anakaribia siku yake ya kuzaliwa."

Siku nyingine wakili angecheka mpaka aanguke. Alifunua ukurasa wa saba, idara ya kukata sponji. Mtu alikuwa ameandika 43 kwa kukandamiza kalamu, kisha pembeni, kwa herufi ndogo zilizobanana, akaongeza maneno. Wakili aliyasoma kwa sauti.

"'Kushoto nipeni 45, tafadhali. Unavimba.'"

Akaigeuza karatasi imwelekee mkurugenzi.

"Ni viatu," afisa utumishi alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

"Nyamaza wewe!"

"Ni viatu, mama. Viatu vya usalama. Walitia sahihi na saizi zao mwezi wa tatu. Vichwa vya kurasa nimevifunika mimi, kwa mkono wangu." Alikuwa akihangaika na kifungo cha kooni. "Huyo ndiye wa figo. Anakwenda Jumanne na Ijumaa. Ikikaribia siku ya mashine, mguu unajaa maji."

"Hicho cha arobaini na tano alipata?"

"Vililetwa vya saizi moja, mama. Arobaini na mbili. Watu wote."

Wakili aliweka karatasi mezani. Uroho aliujua; alikuwa ameufua na kuupiga pasi miaka yote hiyo. Lakini hapa watu walikuwa wamechukua uvimbe wa mguu wa mgonjwa, wakaufanya kuwa ridhaa yake ya kufa. Safari hii kile kilichompanda kooni hakikumezeka.

"Shemeji, usinifanyie utakatifu," mkurugenzi alisema, sauti imeshuka. "Sheria ni mkeka, na wewe ndiye unayejua kuukunja. Kunja. Ada ongeza utakavyo."

"Mteja wangu ni kampuni. Wewe umeajiriwa nayo, kama huyu wa arobaini na tatu. Barua naiandikia bodi."

"Bodi ni mimi!"

"Basi utaisoma mara mbili. Na faili liache hapo. Ukilichukua, nitaandika kwamba umelichukua."

Mkurugenzi alinyoosha mkono kuaga, kwa mazoea tu. Kidole bado kilikuwa kinang'aa. Wakili aliutazama ule mkono mpaka ukarudi wenyewe mfukoni.

Barua ilikuwa ya mistari mitano: hakuna mfanyakazi aliyeelezwa, hakuna aliyeridhia, sahihi ni za kupimiwa viatu, bodi ikipitisha itajibu mahakamani, na tazama ukurasa wa saba. Saa saba kasoro ilikuwa imemfikia kila mjumbe, mmoja mmoja.

Saa kumi mwenyekiti wa bodi alipiga simu. Alikuwa anatafuna.

"Mama wakili, umetuokoa na aibu. Bima ya wafanyakazi inabaki ilivyo mwaka huu, mpaka waelezwe vizuri."

"Na la mkurugenzi?"

"Limepita. Lile halikuwa na sahihi zenye matatizo."

"Pamoja na meno?"

"Yote." Akameza. "Ila lugha ya barua yako, mama... Wajumbe wengine wamepoteza hamu ya chakula. Mwakani tutatafuta ofisi nyingine."

"Mwenyekiti, wafanyakazi wakielezwa vizuri watakataa."

"Ndiyo maana tunatafuta ofisi nyingine," mwenyekiti alisema, bila ubaya wowote, akamtakia jioni njema.

Wakili akampigia afisa utumishi, ambaye alipokea kwa kunong'ona.

"Yule fundi wa sponji, siku yake ni kesho?"

"Kesho, mama. Ijumaa."

"Mruhusu asubuhi mapema. Bima ipo."

"Mpaka lini?"

Alitaka kumpa jibu la wakili. Alikuwa nayo mengi, tayari yamepigwa pasi, na yote yalimnukia mate.

"Kesho aende," alisema. "Na Jumanne. Na kila Jumanne watakayomwachia."