Kifaru Aita Msaada

Boriti za ghala la magodoro zilipoanguka, zimamoto aliyeitwa Kifaru kwa nguvu zake alibanwa miguu ndani ya moshi mzito. Mkuu wa kikosi chao alikuwa amewafundisha kuita msaada mapema, hewa ya mtungi wa mgongoni ikiwa bado nyingi. Mficha uchi hazai. Lakini Kifaru aliona haya, wenzake wangemcheka. Akajivuta weee, asitoke.

"Ee Mungu, niondolee kiburi," alinong'ona, akabonyeza redio. "Nimenasa. Ukuta wa kushoto, nyuma."

"Tulia, mdogo wangu, usimalize hewa," mkuu alijibu. "Tunakuja."

Walimfikia kengele ya mtungi ikianza kulia, hewa ikikaribia kwisha.

"Kumbe kifaru naye hunasa kama panya," mmoja alitania, akiinua boriti.

"Cheka tu, ndugu yangu," alisema Kifaru, "lakini nivute."