Sajenti Hana Cherehani

Simu ya raia inapochukuliwa na polisi ili ichunguzwe, kisha isirudi, huwa iko wapi, na ni nani anayewajibika?

Swali hilo lilikuwa la mbunge. Lilipigwa chapa vizuri chini ya nembo ya bunge, likafika Wizara ya Mambo ya Ndani, likatua juu ya meza ya msichana ambaye kazi yake ilikuwa kuandika majibu ya kusomwa na Waziri. Wenzake walimwita Bi Jibu. Jina hilo lilikuwa na utani ndani yake, maana alikuwa mdogo kuliko wote kitengoni, alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na meza yake ilikuwa ile ya mlangoni ambayo kila apitaye huiegemea na kuacha kikombe chake. Siku ile Bi Jibu alilisoma swali, akalirudia, akaona kwamba hajui.

Alilipeleka kwa mkurugenzi wake, mzee mpole aliyevaa miwani kifuani kuliko machoni.

"Binti, usijitie homa bure," mkurugenzi alisema. "Swali hili lilikuja mwaka jana pia. Chukua jibu lile, badilisha tarehe, Alhamisi Mheshimiwa atalisoma na watu watalala."

Ndivyo kitengo kilivyofanya kazi. Jibu jipya liliwashwa kwa kaa la jibu la zamani, kama jirani aazimavyo moto, na hakuna aliyeuliza kaa la kwanza lilitoka jiko gani. Jibu la mwaka jana, lililoandikwa na mtu ambaye tayari alikuwa amestaafu, lilikuwa fupi: vifaa vyote ambavyo havimo tena mikononi mwa wapelelezi vimerudishwa kwa wenyewe, na Wizara haijapokea malalamiko yoyote. Bi Jibu alilifungua kwenye kompyuta, akaweka kidole juu ya tarehe, kisha akakiondoa. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye alijua hakika kwamba hakurudishiwa chochote, na mtu huyo ndiye aliyemlea.

Jioni alimkuta mama yake mdogo mbele ya cherehani, dirishani, mguu ukikanyaga na mdomo umebana pini.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sogeza hizo suruali za serikali ukae."

Kitini kulikuwa na suruali za sare, tatu au nne. Tangu tapeli mmoja atumie namba ya mama mdogo kuwatumia watu ujumbe wa hila, yapata miaka miwili sasa, polisi walikuwa wameichukua simu yake na kumtaka aripoti kituoni kila Jumatatu. Jumatatu zikawa nyingi, askari wa kaunta wakamzoea, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kumletea nguo za kurekebishwa.

"Wananishuku kwa utapeli," mama mdogo alisema, akizitoa pini mdomoni, "lakini viuno vyao wameniamini navyo. Huyu wa juu ananenepa. Nimemwambia, afande, nikiongeza tena nitakuwa nashona hema."

Bi Jibu alicheka. Mama mdogo hakucheka naye. Aliuondoa mguu kwenye cherehani.

"Leo kuna mpelelezi mpya. Wa zamani kahamishwa. Huyu mpya kaniambia niilete simu."

"Uilete wapi? Si wanayo wao?"

"Ndivyo nilivyomjibu. Kasema la, Wizara ilishatangaza bungeni kwamba zote zimerudishwa. Kwa hiyo ninayo mimi. Na nisipoileta kabla ya mwisho wa mwezi, atanifungulia kesi ya kuficha kielelezo." Alilikunja kwa uangalifu shati lililokuwa mapajani mwake. "Kitu walichoninyang'anya wao, nitafungwa mimi kwa kukificha. Umesoma wewe. Nieleze."

Sentensi ambayo Bi Jibu alikuwa ameikazia macho mchana kutwa haikuwa maneno ya kupitisha siku. Ilikuwa imetoka bungeni, ikapita mitaani, ikaingia chumba hiki na kuketi kati ya suruali za sare. Alhamisi ingesomwa tena.

"Nitaongea na mkurugenzi," alisema. "Anaweza kumpigia mtu simu."

"Usithubutu." Mama mdogo alimtazama kama alivyomtazama zamani alipokataa kuoga. "Ukinitoa kwa mlango wa nyuma, watasema niliingia kwa mlango huo huo. Nataka waseme mbele ya watu kwamba sikukosa. Hilo tu. Haya, kaongeze chumvi kwenye mboga, mimi mikono imejaa nyuzi."

Asubuhi iliyofuata Bi Jibu hakuketi mezani kwake. Mwongozo wa kitengo uliruhusu mwandishi wa jibu kwenda kujionea mwenyewe jambo analoliandikia. Ruhusa hiyo ilikuwako miaka yote, kama mwavuli nyuma ya mlango katika nyumba ya watu wasiotoka nje. Aliomba kibali, mkurugenzi akakitia sahihi huku akiongea na mtu mwingine, naye akaenda makao ya kikosi cha makosa ya kompyuta, ambako simu zote za kuchunguzwa hupelekwa.

Ghala la vielelezo lilikuwa chini ya ngazi, chumba kirefu kisicho na dirisha. Alitarajia vurugu. Alikuta rafu zilizopangusika, mifuko ya plastiki iliyosimama kwa mstari, na kila mfuko una kibandiko. Mtunza ghala, koplo mwenye kitambaa cha kufutia vumbi begani, alimkaribisha kama mwenye nyumba.

"Karibu, dada wa Wizara. Hapa hapapotei hata waya wa chaji. Kila simu ina baba yake."

"Baba yake ni nani, Afande?"

"Aliyeikamata." Alishika mfuko mmoja, akaupindua apate kusoma. "Hii ya Inspekta. Hii ya Konstebo, yule mrefu. Safu yote hii ya Sajenti wa zamu ya pili."

"Na mwenye simu ameandikwa wapi?"

Koplo alifikiri, si kwa hila bali kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina la baba wa mlango.

"Huyo anajulikana na mpelelezi."

"Mpelelezi akihamishwa?"

"Hapo ndipo kazi yangu inapoonekana. Nafuta jina lake, naandika la aliyeshika nafasi yake. Simu haikai yatima hata siku moja. Kisha kituo kinaarifu juu kwamba yule aliyeondoka hana tena kifaa mkononi."

Bi Jibu alisimama pale, akaliona kaa la kwanza. Kituo kiliarifu kwamba afande aliyehama hana kifaa. Wizara iliipokea taarifa hiyo, ikadhani asichonacho afande kimemrudia mwenyewe, ikaandika hivyo, Waziri akasoma. Hakuna aliyeiba wala aliyeficha. Kila mmoja aliifanya sehemu yake kwa usafi, na usafi huo ukawafuta wenye simu wote.

"Afande, raia akija kuulizia simu yake, unamwambiaje?"

"Namuuliza ilichukuliwa na afande yupi."

"Na asipojua?"

"Namwambia akajue kwanza. Bila jina la afande, lalamiko halipokelewi. Nitatafuta wapi?"

"Basi ndiyo maana hatujapata malalamiko."

"Ee, tunajitahidi," koplo alisema kwa furaha.

Alikuwa akigeuka kuondoka alipouona. Katika safu ya Sajenti, mfuko wa tatu kutoka ukutani, palikuwa na simu ndani ya kifuko cha kitambaa cha kijani, mzingo wake umeshonwa kwa uzi wa bluu, mishono midogo iliyolala upande kama mwandiko wa mtu. Mishono hiyo alikuwa ameivaa shingoni mwa kila shati la shule.

Mkono wake uliinuka wenyewe, kisha akaushusha. Kuuchukua mfuko ule kungemwokoa mtu mmoja na kuwaacha wengine gizani, na kungempa yule mpelelezi mpya sababu ya kweli ya kusema kielelezo kimeguswa.

"Hii ni ya nani, Afande?"

"Ya Sajenti."

"Sajenti hana cherehani," Bi Jibu alisema.

Koplo alikisogelea kifuko, akakitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote asubuhi ile. Kisha akaitazama rafu nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kile kitambaa cha vumbi kikamteleza begani.

"Nilikuta hivi, dada," alisema polepole. "Nilifanya kama nilivyokuta."

"Najua, Afande. Usiiguse. Usiiguse hata moja."

Jumatano mchana Waziri aliwaita wote waliohusika na majibu ya kesho yake. Chumba kilikuwa na meza ndefu na kiyoyozi kilichonguruma kama mtu mwenye mafua. Waziri alikaa mwisho wa meza, mkuu wa kikosi cha makosa ya kompyuta kulia kwake, mkurugenzi kushoto. Bi Jibu aliketi ncha ya pili, karibu na mlango, kama desturi.

Waziri alisoma karatasi aliyowekewa, akanyanyua uso.

"Hili silo jibu la mwaka jana."

"Mheshimiwa, ni kosa dogo la kitengo," mkurugenzi aliwahi. "La mwaka jana ninalo hapa."

"Si kosa, mzee wangu," Bi Jibu alisema, akasimama. "Nilikwenda ghalani nikaona."

Aliwaeleza jinsi vibandiko vilivyoandikwa, na jinsi taarifa ya kituo ilivyogeuka kuwa tangazo la bunge. Mkuu wa kikosi aliegemea mbele.

"Nimesikia kwamba mmoja wa watuhumiwa ni ndugu yako," alisema. "Au nimedanganywa?"

"Hujadanganywa, Afande. Ni mama yangu mdogo, amenilea. Nimeliandika hilo juu kabisa, mstari wa kwanza, ili asiwepo wa kulifichua. Simu yake nimeiona na nimeiacha mahali pake. Mtumeni mtu asiye na ndugu kule ndani. Ataona rafu zile zile."

Mkurugenzi alivaa miwani yake, akaivua tena.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, yenye huruma ya kweli, "bado hujathibitishwa kazini."

"Najua, mzee wangu."

Waziri aliziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, ya mwaka jana na ya leo, akazitazama kama mtu anayechagua njia panda huku mvua ikianza.

"Na nikiamua kusoma hii ya zamani?"

"Hilo ni juu yako, Mheshimiwa. Ila jibu la zamani mimi sitaliandika, na sahihi yangu haitakuwapo. Jibu langu ni hilo lingine: simu zipo, hatujui ni za nani, kosa ni letu, na wenyewe wanaitwa waje wazitambue mbele ya hakimu. Mama yangu mdogo atapanga foleni kama wengine."